Shajara ya mradi: taka ngumu za zahanati, kutoka mkononi mwa mhudumu hadi shimoni

Wiki ya 1: mzani kwanza

Hakuna kitakachonunuliwa kabla ya vipimo, isipokuwa mzani wa kuning'iniza wa kilo 30 unaosoma hadi gramu 50, kalamu ya wino usiofutika na daftari. Kila mfuko unapimwa mlangoni pa chumba unapotoka. Ukishafika stoo hujui tena umetoka wapi, na takwimu ya jumla haimsaidii mtu kurekebisha chumba kimoja. Safu za daftari ni tarehe, chumba, rangi ya mfuko, uzito na idadi ya wagonjwa waliohudumiwa chumbani humo siku hiyo. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiruka, na bila hiyo uzito hausemi kitu: mfuko mzito siku ya kliniki ya chanjo ni wa kawaida, mfuko wa uzito uleule siku tulivu una jambo.

Upimaji unakwenda siku 7 mfululizo ili siku ya chanjo, siku ya kliniki ya wajawazito na siku za mapumziko zote ziingie. Usiku nao unapimwa. Zamu ya usiku ina mtu mmoja au wawili, mwanga hafifu na haraka, na hapo ndipo utenganishaji huvunjika kwanza.

Kipimo cha kulinganishia ni makadirio ya Shirika la Afya Duniani: takriban asilimia 85 ya taka zote za huduma za afya ni za kawaida, kama za nyumbani au ofisini, na asilimia 15 ndizo hatarishi. Mifuko ya njano ikibeba nusu ya uzito wote, mara nyingi maana yake ni kwamba maboksi ya dawa, karatasi na vifungashio vinatupwa pamoja na gozi zenye damu. Vikishachanganyika, vyote vinahesabiwa kuwa ambukizi na vyote vinalipiwa gharama ya kuteketezwa. Hakuna kurudi nyuma. Kufungua mfuko na kuchambua kwa mkono ni marufuku katika mradi huu, hata kwa mwenye glavu nene. Ukaguzi ni wa macho tu: unainua kifuniko, unaangalia kilicho juu, unaandika, unafunika.

Wiki ya 2: vyombo na mahali pa kuviweka

Rangi zinafuata mwongozo wa nchi husika. Mpangilio tunaoutumia hapa ni mweusi kwa taka za kawaida, njano kwa ambukizi, kahawia kwa dawa na kemikali, na sanduku la njano lisilotoboka kwa vyenye ncha kali. Baadhi ya nchi zina nyekundu kwa viungo vya mwili au taka zenye maambukizi makali. Kituo kisijitungie rangi zake, kwa sababu mtumishi anayehamia kutoka kwingine huja na mazoea yake, na mkono hutupa kabla akili haijasoma bango.

Ugumu mkubwa uko kwenye sekunde chache baada ya sindano kuchomwa. Mkononi mwa mhudumu kuna vitu vitatu kwa pamoja: bomba lenye sindano, pamba yenye damu, na karatasi ya kifungashio. Kama karibu yake kuna chombo kimoja tu, vyote vitatu vitaingia humo, na semina hata ziwe ngapi hazitabadilisha hilo. Kwa hiyo kila toroli ya sindano inabeba vyombo vitatu vyake: sanduku la ncha kali, ndoo ya njano ya lita 5 na mfuko mweusi ulioning'inizwa ubavuni. Chumba chenye ndoo ya njano pekee ni chumba kilichoamua mapema kwamba taka zote ni ambukizi.

Mifuko ya njano iwe na unene usiopungua mikroni 70. Myembamba zaidi hupasuka kwenye kona ya ndoo au unapofungwa. Kwa kuwa taka zitapitishwa kwenye otoklevu, yaani mtambo unaoua vimelea kwa mvuke wenye shinikizo, mifuko ni ya polipropilini. Ile ya kawaida ya polithini laini huyeyuka na kugeuza mzigo wote kuwa donge linalong'ang'ania kikapu. Mifuko ya PVC, plastiki yenye klorini, haipokelewi kabisa.

Masanduku ya usalama ya kadibodi ya lita 5 huchukua takriban mabomba 100 yenye sindano zake. Hesabu ya kuagiza inatoka hapo: idadi ya sindano kwa wiki gawanya kwa 100, ongeza lanseti za maabara (vichomeo vya kutolea damu kidoleni), kanula (sindano za kuingizia dripu mshipani), na ampuli (vichupa vya dawa) za kioo zilizovunjwa, kisha ongeza robo ya ziada. Ampuli husahaulika sana. Shingo ya ampuli iliyokatwa hupasua mfuko wa njano na glavu kwa pamoja.

Kulikunja sanduku lenyewe kunahitaji kuonyeshwa kwa vitendo. Kitako kina mikunjo minne, na ulimi wa mwisho ni lazima uingie kwenye mfereji wake hadi usikie umeshika. Ukibonyezwa tu ukaachwa, sanduku linaonekana zima, linasimama vizuri mezani, linajaa, halafu siku ya kulinyanyua kitako kinafunguka. Jaribio ni rahisi: kabla ya matumizi, sukuma kitako kwa ngumi kutoka ndani. Kikisogea, kunja upya.

Sanduku linakaa kwenye kishikizo cha ukutani au juu ya toroli, kati ya usawa wa kiuno na wa macho, upande wa mkono unaochoma, ili sindano isipite juu ya mgonjwa. Sakafuni haliwekwi. Maji ya kudeki hulowesha kadibodi, na mtoto aliyebebwa kuja kupata chanjo ana mkono mwepesi. Likifika robo tatu linafungwa na lingine linawekwa papo hapo. Halitikiswi ili lishuke, halishindiliwi, halimwagwi kwenye jingine. Sindano hairudishiwi kifuniko. Hicho kitendo peke yake kinachoma vidole vya wauguzi wengi.

Kuhusu kikata sindano: kinapunguza sana ujazo, kwa kuwa kinabaki kipande kidogo cha chuma na kitovu chake kinachounganika na bomba, na bomba linaenda kwenye taka ambukizi. Lakini wembe wake hubutuka, na wembe butu hubana sindano badala ya kuikata na kurusha matone. Tumekiruhusu kwenye chumba cha chanjo tu, ambako kuna mtu mwenye jukumu la kuangalia wembe, na kwa sharti kwamba kikopo chake kinamwagwa moja kwa moja kwenye bomba la shimo la ncha kali.

Mirija ya dripu imezua maswali mengi. Kanula na ile ncha ya kutobolea chupa huenda kwenye sanduku la ncha kali. Mrija wenye damu ni wa njano. Chupa ya plastiki ya maji ya dripu isiyo na damu wala dawa hatarishi ni taka ya kawaida, na ndiyo hujaza ndoo za njano bila sababu.

Wiki ya 3: kubeba na kuhifadhi

Anayeumia kwa uzembe wa chumba cha sindano ni mhudumu wa usafi, mtu ambaye hakuwepo sindano ilipotupwa vibaya. Mradi wote unapaswa kupimwa kwa usalama wake. Majeraha ya wabebaji hutokea zaidi mapajani na mikononi: mfuko unapobembea na kugonga mguu, au unapoegemezwa kwa kiganja chini yake. Mfuko unashikwa shingoni, mbali na mwili, mmoja kwa kila mkono. Haukumbatiwi na hautupwi. Ukiwa mzito kiasi cha kuhitaji mkono wa chini, umejazwa kupita kiasi.

Vifaa vyake ni glavu nene za mpira zinazofika katikati ya mkono, aproni ya plastiki, buti zenye soli ngumu na miwani. Glavu za kitabibu zile nyembamba hazizuii kitu. Suruali inavaliwa nje ya buti ili kitakachodondoka kisiteleze ndani.

Chanjo ya homa ya ini aina B ni dozi tatu: ya kuanzia, ya baada ya mwezi 1 na ya baada ya miezi 6. Dozi ya kwanza inatolewa kabla mtu hajaanza kubeba. Kwa asiyechanjwa, uwezekano wa kuambukizwa kwa kuchomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi hivyo unaweza kufikia asilimia 30. Kwa virusi vya UKIMWI ni takriban asilimia 0.3. Aliyechomwa anaosha kwa maji mengi na sabuni bila kukamua jeraha, anatoa taarifa palepale, na dawa za kinga dhidi ya VVU zinaanzwa mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72. Karatasi yenye hatua hizi na jina la mtu wa zamu imebandikwa stoo kwenye usawa wa macho. Kufichua jeraha hakuna adhabu. Likiadhibiwa, litafichwa, na saa 72 zitapita.

Stoo ina paa, kufuli, sakafu laini ya saruji yenye mteremko kuelekea kwenye mfereji, na wavu wa kuzuia panya na nzi. Muda wa juu wa kukaa kwa taka ambukizi zisizopozwa ni saa 24 majira ya joto na saa 48 majira ya baridi katika nchi zenye joto. Katika nchi za baridi ni saa 48 kiangazi na saa 72 majira ya baridi. Ratiba ya kuteketeza inapangwa kwa saa hizo. Kungoja stoo ijae ndipo uwashe mtambo ni kuvunja kanuni kwa jina la kubana matumizi.

Toroli ya taka ina mfuniko, haibebi kitu kingine, na haipiti jikoni. Inaoshwa kila siku kwa sabuni kwanza, kisha klorini ya asilimia 0.5: gramu 7 za unga wa klorini wa asilimia 70 kwa lita 1 ya maji, au sehemu 1 ya dawa ya madoa ya asilimia 3.5 kwa sehemu 6 za maji. Sabuni inatangulia kwa sababu klorini hupoteza nguvu inapokutana na damu na uchafu.

Wiki ya 4 na ya 5: otoklevu

Uamuzi wa kutumia mvuke badala ya moto ulitokana na kilichomo kwenye taka: mabomba, mirija na glavu, yaani plastiki kwa wingi, na baadhi yake ni PVC. Kuchoma vitu vyenye klorini kwa joto dogo huzalisha dioksini na furani, sumu ambazo Mkataba wa Stockholm wa 2001 unazitaka nchi zipunguze. Gharama ya mvuke ni umeme, maji safi na nidhamu ya kupima.

Kiwango cha chini ni nyuzi 121 kwa dakika 30. Dakika hizo zinahesabiwa tangu katikati ya mzigo ifike nyuzi 121, si tangu swichi iwashwe, wala tangu chumba cha mtambo kifike. Katikati ya mfuko uliobanwa hufika mwisho kabisa, kwa sababu hewa iliyonaswa humo huzuia mvuke kuingia. Mitambo isiyo na pampu ya kunyonya hewa hutegemea mvuke kuisukuma hewa ichuruzike chini, na hilo linachukua muda. Hivyo shingo za mifuko zinalegezwa, mifuko inasimamishwa kwenye kikapu chenye matundu bila kubanana, na mzigo hauzidi theluthi mbili ya chumba. Vyombo vya plastiki visivyo na matundu vinalazwa ubavu, kwa sababu hewa ni nzito kuliko mvuke na hubaki kitakoni mwa ndoo iliyosimama.

Jambo moja linahusu vituo vilivyo milimani. Nyuzi 121 za mvuke safi zinahitaji shinikizo halisi la takriban kilopaskali 205. Geji husoma tu shinikizo lililozidi lile la hewa ya nje, hivyo kwenye usawa wa bahari itasoma kama 104. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, hewa ya nje ina karibu kilopaskali 84.5, kwa hiyo geji inapaswa kusoma kama 120. Anayesimamisha geji pale 104 kwa kufuata kibandiko cha kiwandani anapata karibu nyuzi 118 na anaamini kazi imekwisha. Kipimajoto ndicho kinachoamua. Kwenye usawa wa bahari, geji ikisoma vizuri lakini kipimajoto kikasoma chini ya 121, ndani bado kuna hewa: toa mvuke, anza upya.

Uthibitisho una ngazi mbili. Kila mzunguko unapata kiashiria cha kemikali kinachosoma muda, mvuke na joto kwa pamoja, kikifichwa katikati ya mfuko mkubwa kuliko yote. Mkanda unaobadilika rangi ukibandikwa nje ya mfuko unasema tu kwamba mfuko ulipata joto. Kila wiki kinaingizwa kichupa cha spora za Geobacillus stearothermophilus, bakteria sugu sana kwa joto, kisha kinaatamizwa kwenye nyuzi 55 hadi 60 kwa saa 24 hadi 48. Kando yake kinawekwa kichupa kingine cha toleo hilohilo ambacho hakikupita mtamboni. Hicho ni lazima kioteshe bakteria. Kisipootesha, spora zilikuwa zimekufa tangu mwanzo na matokeo mazuri ya kichupa cha kwanza hayana thamani. Kichupa kilichopita mtamboni kikiotesha, taka zote zilizopo zinarudiwa na mtambo unasimama hadi sababu ipatikane: kwa kawaida mzigo uliobanwa, mpira wa mlango uliochoka au mfereji wa kutolea maji ulioziba.

Visivyoingia: dawa, vipimajoto vya zebaki, viyeyushi vya maabara, viungo vikubwa vya mwili, na chochote kilicholowekwa kwenye klorini, kwa sababu gesi yake hula chuma cha chumba na kumdhuru anayefungua mlango. Ndoo za klorini za kulowekea mabomba zimeondolewa vyumbani kwa sababu hiyo, na kwa kuwa kuloweka kulimlazimisha mtu azishike sindano mara ya pili.

Sindano iliyopita kwenye otoklevu haina vimelea, lakini bado inachoma. Inaenda shimoni. Gozi na glavu zilizotibiwa zinaingia kwenye taka za kawaida zikiwa na alama ya mzunguko.

Wiki ya 6: mashimo

Shimo la kondo la nyuma na shimo la ncha kali yanajengwa kwa kanuni zinazopingana. La kondo linataka kunyonya na kuoza, hivyo kitako chake ni udongo wazi, na pete ya juu tu ndiyo imejengwa kwa tofali na saruji. La ncha kali limesakafiwa na kuzungushiwa saruji pande zote ili lisipenyeze kitu. Yote mawili yako mita 50 au zaidi kutoka kisima au mto, na kitako cha la kondo kiko angalau mita 2 juu ya maji ya ardhini, yapimwe mwisho wa masika yanapokuwa juu zaidi.

Ukubwa wa la kondo unakokotolewa hivi. Kila uzazi unahesabiwa lita 5, pamoja na majimaji. Shimo la kipenyo cha mita 1.2 na kina cha mita 2.5, ukiacha nusu mita ya juu tupu, lina takriban lita 2,260. Hizo ni kama uzazi 450, au miezi 15 kwa kituo chenye uzazi 30 kwa mwezi, bila kuhesabu kuoza kunakorudisha nafasi. Yanachimbwa mawili ili moja lipumzike miaka 2 jingine likitumika. Mfuniko ni wa zege wenye kufuli, na bomba la hewa la milimita 100 lina wavu wa nzi juu.

Kosa linaloua mashimo haya ni klorini. Inamwagwa kwa nia njema, kupunguza harufu, nayo inaua vijidudu vinavyoozesha. Shimo linaacha kushuka, linajaa mapema na harufu inazidi. La pili ni kutupa kondo likiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kondo linabebwa kwenye ndoo yenye mfuniko na kumwagwa. Ndoo ndiyo inayooshwa.

La ncha kali lina ujazo wa mita 2 za ujazo na bomba la kuingizia pana kuliko sanduku. Kwa sanduku 1 kwa wiki lenye ujazo wa nje wa lita 6, karatasi inasema miaka 6. Masanduku yanayodondoka hayajipangi, kwa hiyo tumepanga miaka 4. Likijaa linamiminwa zege na kufungwa moja kwa moja.

Wiki ya 7: kichomeo cha zamani, dawa na zebaki

Pipa la kuchomea taka limeondolewa. Moto wa pipa haufiki joto la kuteketeza, huacha sindano nzima ndani ya majivu, na moshi wake unaingia madirishani. Vituo visivyo na njia nyingine kwa sasa watumie kichomeo cha vyumba viwili, kama muundo wa De Montfort uliobuniwa katika chuo kikuu cha jina hilo Uingereza. Kinapashwa moto kwa kuni kavu kama nusu saa kabla ya taka ya kwanza, na taka zinaingizwa kidogo kidogo zikiwa kavu. Moshi mweusi maana yake ni plastiki nyingi kwa mara moja au moto uliopoa. Bomba la moshi liwe na mita 4 au zaidi. PVC, zebaki, makopo ya gesi na vichupa vilivyofungwa haviingii. Hivyo viwili vya mwisho hulipuka. Majivu ni taka hatarishi na yana shimo lake.

Dawa zilizoisha muda zinarudishwa kwa msambazaji inapowezekana. Vidonge visivyorudishika vinaondolewa kwenye vifungashio, vinasagwa, na kuchanganywa kwa uzito: asilimia 65 dawa, 15 chokaa, 15 saruji, 5 maji. Antibiotiki hazimwagwi chooni. Vipimajoto vya zebaki vinahifadhiwa vizima kwenye chombo cha plastiki kinachobana, chenye lebo, kusubiri mamlaka ya mazingira. Mkataba wa Minamata wa 2013, unaohusu zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza na kuviuza kati ya nchi.

Wiki ya 8: yaliyobaki wazi

Mifuko ya njano ikiisha, watu huhamia kwenye myeusi siku hiyohiyo, na kuwarudisha huchukua muda mrefu kuliko kuwafundisha mara ya kwanza. Kiwango cha kuagiza upya kimewekwa kwenye kadi ya stoo: matumizi ya wiki zidisha kwa wiki za kusubiri mzigo jumlisha 2. Mzigo ukichukua wiki 4, agizo linatoka ikibaki mifuko ya wiki 6.

Chanjo za mkoba, zinazotolewa vijijini nje ya kituo, bado hazijakaa sawa. Masanduku hayana budi kurudi yakiwa yamefungwa, yamesimama na yamefungwa kamba nyuma ya gari, tofauti na abiria, na idadi iliyotoka ilinganishwe na iliyorudi kwenye fomu ya safari. Fomu ipo, safu ya kurudi bado haijazwi na kila timu.

Mpira wa mlango wa otoklevu umeanza kuvujisha mvuke upande wa bawaba. Wa akiba umeagizwa, na hadi ufike kila mzunguko unawekewa viashiria viwili vya kemikali, kimoja katikati ya mzigo na kingine chini karibu na mfereji. Dozi ya pili ya homa ya ini B kwa wabebaji imeshaingizwa kwenye ratiba, na upimaji wa siku 7 utarudiwa kwa daftari lilelile, chumba kwa chumba, usiku ukiwemo.